Chuo Kidogo cha Marekani kwa Kijana Msanii Apendaye Msitu na Mlima

Kijana akiwa anashika penseli mchana kutwa, na Jumamosi haonekani nyumbani mpaka giza liingie, ndugu na jamaa hushauri mawili: akasome sanaa, au aache mchezo asome kitu cha maana. Iko njia ya tatu. Ni koleji ndogo ya Marekani ambamo atasoma kwa upana, atapata karakana ya kufanyia kazi zake, na mwisho wa juma atapelekwa mlimani. Koleji za namna hiyo ni nyingi, na karibu zote zinajisifu kwa picha zilezile: vijana watatu juu ya mwamba, msichana mmoja mbele ya gurudumu la mfinyanzi. Kazi yenu, mzazi na kijana, ni kujua juma la kawaida chuoni hapo linakwendaje wakati mpiga picha hayupo.

Tuanze na jina, maana limepotosha wengi. Wamarekani huziita liberal arts colleges. Si vyuo vya sanaa, wala si chuo huria cha kusomea mbali kama tunavyokijua huku. Ni vyuo vya shahada ya kwanza, vyenye wanafunzi kati ya 500 na 3,000 hivi, wengi wao wakilala palepale, na madarasa mengi yana watu 10 hadi 20. Tutaziita hapa koleji za elimu pana. Mzazi aliyezoea udahili wa TCU au KUCCPS, ambako mtoto anaingia tayari ni mtu wa sheria au wa uhandisi, hushangaa kusikia kwamba huko mwanafunzi hachagui fani siku ya kwanza. Anaonja kemia, historia, uchongaji na hesabu kwa miaka karibu miwili, kisha mwishoni mwa mwaka wa pili anatangaza somo lake kuu. Kwa kijana mwenye mikono miwili inayovuta kwingi, huo ndio uzuri wenyewe.

Daftari la siku 14

Kabla ya kufungua tovuti yoyote, mpe kijana daftari. Kwa siku 14, kila usiku aandike mistari minne: leo nilifanya nini bila kutumwa, kwa muda gani, na nani, na kwa kifaa gani. Asipambe. Siku 14 zinatoa wikiendi mbili na siku kumi za shule, na hapo tabia halisi hujitokeza.

Mkikaa kulisoma mtaona kwamba "anapenda sanaa" ni neno pana mno. Huenda anapenda kufinyanga, na huyo anahitaji joko la kuchomea vyungu na mtu wa kuliwasha. Huenda anahariri video usiku kwa simu, na huyo anahitaji kompyuta na kamera za kuazima. Huenda anashona na kubuni mavazi, jambo ambalo koleji nyingi ndogo hazifundishi kabisa isipokuwa kupitia idara ya tamthilia. Hali kadhalika "anapenda nje". Mmoja anapenda kukwea miamba na wenzake kumi, mwingine anapenda kukaa peke yake kando ya maji akichora ndege. Wa kwanza atachoka na chuo cha pwani tulivu, wa pili atachoka na klabu ya wakweaji.

Kutoka kwenye daftari toeni mambo matatu yasiyo na mjadala, matatu tu. Kwa mfano: joko linalowashwa angalau mara moja kwa juma, mlima au maji yanayofikika bila gari binafsi, gharama isiyozidi kiasi fulani kwa mwaka. Hilo la gari msilidharau. Mwanafunzi kutoka Mwanza au Mombasa hatakuwa na gari, na mlima ulio umbali wa saa moja bila basi la chuo ni kama haupo.

Fedha kabla ya mapenzi

Wengi hutafuta chuo miezi sita, wanakipenda, ndipo wanauliza bei. Geuzeni utaratibu. Bei iliyoandikwa kwenye koleji nyingi za aina hii sasa ni dola 80,000 hadi 90,000 na ushei kwa mwaka, pamoja na chakula na malazi. Walio wengi hawalipi hivyo, lakini kiasi mtakacholipa kinategemea mko kundi gani.

Kundi la kwanza ni familia zilizoko Marekani zenye uraia au green card. Hawa hujaza FAFSA, fomu ya serikali ya Marekani ya kuomba msaada wa masomo, na kila chuo kinalazimika kisheria kuwa na kikokotoo cha gharama halisi kwenye tovuti yake. Tumieni dakika 20 na karatasi za kodi, mtapata makadirio yasiyo mbali na ukweli. Waswahili wa Kongo walioko Kentucky, Maine au Iowa wanaangukia hapa pindi karatasi zao zikikamilika. Aliyepokelewa rasmi kama mkimbizi aiulize ofisi ya misaada ya chuo kwanza, asijiweke mwenyewe kwenye kundi la wageni.

Kundi la pili ni wageni wanaokwenda kwa viza ya mwanafunzi, F-1. Kwao kikokotoo kile hakifai, kitawadanganya. Vyuo vichache sana huamua udahili wa mgeni bila kuangalia mfuko wake. Amherst na Bowdoin ni miongoni mwavyo. Vingine vinaangalia: ukiomba msaada mkubwa, nafasi yako inapungua. Si dhambi, ila ijulikane mapema.

Hapa kuna karatasi ambayo wazazi wachache huisoma na inayosema kweli kuliko kipeperushi chochote. Inaitwa Common Data Set. Andikeni jina la chuo pamoja na maneno hayo matatu kwenye mtandao, mtapata faili la kurasa thelathini na kitu. Nendeni kipengele H6. Hapo chuo kinaandika ni wanafunzi wageni wangapi walipewa msaada, na kwa wastani wa dola ngapi. Kisha rudini sehemu B mwone wageni wako wangapi kwa jumla. Chukulia kinaonyesha wageni 75 na waliosaidiwa ni 60 kwa wastani wa dola 55,000: hicho ni chuo kinachotoa. Kikionyesha wageni 75 na waliosaidiwa ni 9, basi wageni wake ni watoto wa matajiri, na picha ya bendera nyingi kwenye tovuti isiwavute. Mkiwa na faili mkononi, tazameni pia C7, ambapo chuo kinasema kipaji kina uzito gani katika udahili, na B22, inayoonyesha ni asilimia ngapi ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza walirudi mwaka wa pili. Chini ya asilimia 75, ulizeni kwa nini wanaondoka.

Jihadharini na barua yenye neno "scholarship". Kijana anapata tuzo ya dola 30,000 kwa mwaka, nyumba nzima inashangilia. Bei ni 85,000. Zimebaki 55,000, mara miaka minne ni dola 220,000. Kinachohesabiwa ni kilichobaki, si kilichotolewa.

Njia mbili zinafaa zitajwe. Berea, huko Kentucky, ilianzishwa mwaka 1855 na haitozi ada ya masomo. Kila mwanafunzi hufanya kazi walau saa 10 kwa juma, na miongoni mwa kazi hizo ni kufuma, ufinyanzi, useremala na kutengeneza mifagio kwa mkono, ufundi ambao chuo huuza. Kina msitu wake, na vilima vya Appalachia vinaanzia mlangoni. Huchukua wageni wachache kila mwaka, kwa hiyo ushindani ni mkali, lakini kwa kijana wetu ni chuo kinachofanana naye mno. Nusu saa na ushei kwa gari uko mji wa Lexington, wenye jamii kubwa ya Wakongo wanaosema Kiswahili. Njia ya pili ni ya waliosoma UWC, mtandao wa shule za kimataifa, ikiwemo UWC East Africa yenye kampasi Moshi na Arusha: programu ya ufadhili ya Davis huvisaidia vyuo vingi vya Marekani kuwagharamia wahitimu hao. Kenya kuna pia KenSAP, ambayo tangu 2004 imekuwa ikiwaandaa wanafunzi waliofanya vizuri sana KCSE lakini wenye kipato kidogo.

Kupima sanaa yao

Katalogi ya masomo ni orodha ya matumaini. Inaweza kutaja kozi 40 za sanaa ambazo nusu hazijafundishwa kwa miaka mitatu, kwa sababu mwalimu alistaafu na hakuna aliyeajiriwa. Msisome katalogi, someni ratiba. Vyuo vingi huacha ratiba za mihula iliyopita wazi kwenye tovuti. Chukueni mihula minne ya mwisho, hesabuni kozi za fani anayoitaka kijana zilizofundishwa kweli, na nani alizifundisha. Mkikuta mwalimu mmoja wa kudumu ndiye anayebeba ufinyanzi wote, jueni kwamba mwaka atakaokwenda likizo ya utafiti, joko litalala baridi. Walimu wawili wa kudumu ni afadhali.

Kisha andikeni barua pepe kwa idara yenyewe, si kwa ofisi ya udahili. Kijana ndiye aandike, kwa jina lake. Maswali manne yanatosha:

- Asiyesomea sanaa kama somo kuu anaruhusiwa kuingia karakana, na kozi za mwanzo hujaa kabla ya wa mwaka wa kwanza kujiandikisha?
- Karakana hufungwa saa ngapi usiku, na Jumapili je?
- Vifaa vya kozi moja humgharimu mwanafunzi kiasi gani, na kuna mfuko wa kumsaidia asiyeweza?
- Wa mwaka wa nne hupewa nafasi yake binafsi ya kufanyia kazi?

La usiku ndilo linalowatambulisha. Kazi ya mikono haiishi darasani. Chuo ambacho kadi ya mwanafunzi hufungua karakana hadi usiku wa manane ni tofauti kabisa na kile ambacho mlinzi hufunga saa kumi na moja jioni. Mkijibiwa na mwalimu ndani ya wiki moja, kwa maneno yanayomhusu kijana, hiyo nayo ni habari. Mkijibiwa na kipeperushi, vilevile.

Wanamuziki waulize ada ya masomo ya mwalimu mmoja kwa mwanafunzi mmoja, kwani mara nyingi hutozwa kando. Na makumbusho ya chuo yasipuuzwe. Oberlin, jimboni Ohio, tangu miaka ya 1940 hukodisha kazi halisi za wasanii kutoka makumbusho yake kwa dola chache, na mwanafunzi huitundika chumbani muhula mzima. Wanafunzi hulala foleni nje ili wawahi wanayoitaka.

Kupima nje yao

Ukuta wa kukwelea wenye rangi hauthibitishi kitu. Ulizeni programu ya nje ilifanya safari ngapi muhula uliopita, nani aliongoza, na mwanafunzi alilipa nini. Penye uhai utatajiwa idadi na majina ya mahali bila kusita. Ulizeni kama mabuti, shanta, hema na mfuko wa kulalia huazimwa bure. Kwa mtoto anayetoka kwenye joto hili halijadiliki: vifaa vya baridi kali vikinunuliwa vyote dukani hula mamia ya dola. Ulizeni kama viongozi wa safari ni wanafunzi waliofundishwa na kulipwa, na kama chuo hugharamia kozi ya huduma ya kwanza ya porini, ambayo ni ya saa 70 hadi 80. Kijana akipata cheti hicho ana kazi ya kiangazi mkononi.

Ulizeni pia kuhusu safari ya kabla ya muhula, ile ya wanafunzi wapya kulala porini siku tatu nne. Hapo ndipo urafiki huanzia. Wageni wengi huikosa kwa sababu mafunzo yao ya uhamiaji na ya benki yamepangwa siku zilezile. Chuo makini kimepanga zisigongane.

Asiyejua kuogelea aseme. Vijana wengi wa bara huingia kwenye mtumbwi wa ziwa baridi kwa aibu ya kusema hawajui, na maji ya Oktoba kule kaskazini huganzisha misuli ndani ya dakika chache. Vyuo vingi vina bwawa, na baadhi vina darasa la kuogelea kwa wanaoanza.

Alasiri moja, mambo matatu

Hili ndilo kosa linalojificha zaidi. Kozi za karakana huchukua vipindi virefu vya saa tatu, mara nyingi alasiri. Maabara za sayansi nazo ni alasiri. Mazoezi ya michezo ni alasiri. Kijana anayetaka ufinyanzi, biolojia na timu ya mbio za nyika atakuta vyote vitatu Jumanne saa saba mchana, na atalazimika kuacha kimoja. Chukueni ratiba ya muhula uliopita na karatasi, mpangeni juma lake la kwanza kana kwamba ameshafika. Zoezi hilo la saa moja huviondoa vyuo vingi kwenye orodha kuliko cheo chochote cha magazeti.

Colorado College ililitatua kwa namna yake mwaka 1970: mwanafunzi husoma kozi moja tu kwa wiki tatu na nusu, kisha hupumzika kuanzia Jumatano mchana hadi Jumatatu, ndipo huanza nyingine. Kozi ni nane kwa mwaka. Darasa la jiolojia linaweza kuhamia jangwani siku tano bila kumkwaza mwalimu yeyote, na mapumziko yale ni safari kamili ya milimani, chuo kikiwa chini ya Pikes Peak yenye mita 4,302. Cornell College ya Iowa hufuata mtindo unaofanana. Lakini mpango huu una bei yake. Kuugua siku mbili ni kupoteza sehemu kubwa ya kozi. Na kwa mfinyanzi, udongo hauna haraka: chungu kinene kikikaushwa upesi hupasuka, kikiingia jokoni kibichi hulipuka kwa mvuke, na baada ya kuchomwa mara ya kwanza bado kuna kupakwa rangi ya kioo na kuchomwa tena. Wiki tatu na nusu ni finyu. Mchoraji na mpiga picha hufaidi zaidi mfumo huu kuliko mfinyanzi.

Pa kuanzia kutafuta

Hii si orodha ya bora, ni mifano ya tabia zilizo tofauti.

College of the Atlantic, Bar Harbor, Maine, ina wanafunzi wasiozidi mia nne, na wote husomea shahada moja, ikolojia ya binadamu, kila mmoja akiijenga kwa namna yake. Hifadhi ya taifa ya Acadia iko jirani, na chuo kina vituo vya utafiti visiwani ambako wanafunzi hufuatilia nyangumi na ndege wa baharini. Mchoraji wa viumbe atakuwa kwao. Anayependa umati na timu za michezo asiende.

Warren Wilson, North Carolina, ni ya mikono: shamba, mifugo, uhunzi, na kazi ni sehemu ya masomo. Bennington, Vermont, ni ya msanii hasa. Kila majira ya baridi wanafunzi hutoka kufanya kazi za nje ya chuo kwa wiki kadhaa. Whitman, jimbo la Washington, mwaka mmoja ndio mwaka mwingine hapana, huwachukua wanafunzi wapatao ishirini kuzunguka magharibi ya Marekani muhula mzima wakilala kwenye mahema. Sewanee, Tennessee, ina ardhi yake ya ekari 13,000 yenye miamba na mapango. Williams, Massachusetts, ina siku moja ya Oktoba ambayo kengele hulia, masomo hufutwa, na chuo chote hupanda mlima. Tena makumbusho ya sanaa yaliyo karibu nayo ni ya kiwango cha jiji kubwa. Bates, Maine, ina klabu ya matembezi inayoendeshwa na wanafunzi tangu 1920.

St. Lawrence, kaskazini kabisa mwa New York, inastahili sentensi zaidi kwa msomaji wa Kiswahili. Tangu 1974 imekuwa ikiwaleta wanafunzi wake Kenya kusoma muhula mzima, Kiswahili kikiwemo. Mwanafunzi wetu atakuta pale watu waliolala Karen, Nairobi, na kutembea vijijini, na hataulizwa kama kwao kuna barabara. Chuo hichohicho kina muhula mwingine ambao wanafunzi huishi kwenye mahema ya duara kando ya ziwa katika milima ya Adirondack, bila simu.

Je, kitakuwepo miaka minne ijayo?

Swali gumu, lakini vyuo vilivyofanana sana na ndoto ya kijana huyu ndivyo vilivyofungwa. Green Mountain College ya Vermont ilifunga 2019. Marlboro, jimbo hilohilo, ilifunga kampasi yake 2020. Udogo unapendeza, ila una hatari yake: wanafunzi wapya wakipungua 40, bajeti inatetereka.

Angalieni matatu. Kwanza, idadi ya wanaoingia mwaka wa kwanza kwa miaka mitano mfululizo kwenye Common Data Set. Ikishuka kila mwaka, tahadhari. Pili, alama ya afya ya fedha ambayo Wizara ya Elimu ya Marekani huvipa vyuo binafsi, kuanzia -1.0 hadi 3.0; 1.5 na kuendelea ni salama. Tatu, tovuti ya bodi ya ithibati: kama chuo kiko chini ya onyo au uangalizi, huandikwa hadharani. Kwa mwenye F-1 hili lina uzito zaidi, kwa sababu chuo kikifungwa anahitaji kuhamisha karatasi zake za uhamiaji haraka au anarudi nyumbani.

Potifolio inayopigwa kwa simu

Vyuo vingi hupokea kazi za sanaa hata za asiyekusudia kuifanya somo kuu, kwa kawaida picha 10 hadi 20. Kazi nzuri huuawa na picha mbaya, na sababu ni zilezile. Taa ya usiku hufanya rangi zote kuwa njano. Flashi huacha doa jeupe katikati. Simu iliyoinamishwa hufanya mstatili kuwa pembenne isiyo sawa.

Fanyeni hivi. Saa tatu asubuhi, barazani, penye kivuli chenye mwanga. Tundikeni kazi ukutani bila fremu wala kioo. Simu iwe kwenye kimo cha katikati ya kazi, rudini nyuma mita mbili, kisha kuzeni mara mbili ili kingo zisipinde. Washeni mistari ya gridi kwenye kamera. Wekeni karatasi nyeupe pembeni. Ikionekana nyeupe pichani, rangi ni za kweli, kisha ikateni. Vinyago na vyungu vipigwe mbele ya shuka nyeupe au ya kijivu, kamwe si mbele ya kanga yenye maua: pande mbili na sehemu moja kwa karibu. Mkitumiana kwa WhatsApp, tumeni kama faili, si kama picha, maana ikitumwa kama picha hubanwa na uzi wa brashi hupotea.

Kuhusu kilichomo: msitume kazi zinazoiga. Kijana aliyejifunzia Tingatinga aweke moja au mbili, zilizobaki ziwe alizoziangalia kwa macho yake, kama vile mikono ya bibi akichambua mchele au mtaa wao saa ya mvua. Kurasa mbili za daftari la michoro, zenye makosa na mishale, huonyesha namna anavyofikiri. Iliyo bora itangulie, ya pili kwa ubora ifunge.

Fomu, tarehe, viza

Fomu ya Common App, fomu moja ya maombi inayopokelewa na vyuo vingi, ina nafasi za shughuli 10, na kila moja maelezo yake hayazidi herufi 150. "Napenda kupanda milima" ni nafasi iliyotupwa. "Niliongoza watu 9 siku 3 Usambara; nilipanga maji, ramani na chakula" inaonekana. Kuchunga, kuvua na mjomba, kulea wadogo vyote vinahesabika. Insha ni maneno 250 hadi 650.

Barua za walimu huharibika kwa upole. Mwalimu wetu huandika "ana nidhamu na adabu" akidhani amesifu. Mkumbusheni kwa heshima matukio mawili anayoyajua ya darasani kwake, na mumpe wiki sita. Shule isiyo na mshauri wa vyuo, mkuu wa shule au mwalimu wa taaluma hujaza fomu ya mshauri, ikiwezekana kwa barua pepe rasmi ya shule. Aliyeko kidato cha sita Tanzania atakuwa hajafanya mtihani tarehe zikifika, hivyo shule itoe makadirio ya alama.

Maombi ya mapema yenye kufunga huwa tarehe 1 au 15 Novemba. Mengi ya kawaida ni kati ya 1 na 15 Januari. Yenye kufunga yana maana kwamba akikubaliwa lazima aende, isipokuwa msaada usipotosha. Tumieni kwa chuo kimoja tu ambacho H6 yake inaridhisha. CSS Profile, fomu ya hali ya fedha ya familia, hugharimu dola 25 kwa chuo cha kwanza na 16 kwa kila kinachofuata; vyuo vingine hupokea fomu ya bure badala yake, ulizeni. Majina yafuate pasipoti tangu siku ya kwanza, kwa mpangilio uleule. Cheti kikisema majina mawili na pasipoti matatu, usumbufu utaanzia kwenye I-20, hati ya chuo inayotangulia maombi ya viza.

Uamuzi hutakiwa kwa kawaida ifikapo 1 Mei. Baada ya I-20 kuna ada ya SEVIS, mfumo wa serikali wa kufuatilia wanafunzi wageni, dola 350 na ya viza dola 185. Tangu Juni 2025 Marekani imewekea vizuizi nchi kadhaa, Burundi ikiwemo, na orodha imekuwa ikiongezwa, kwa hiyo someni tovuti ya ubalozi kabla ya kulipa chochote. Kwenye mahojiano, afisa ataka kusikia kwa sentensi mbili kwa nini chuo kidogo asichokijua, nani analipa, na shahada hiyo itamrudisha nyumbani kufanya nini. Baada ya kuhitimu, mwenye F-1 huruhusiwa miezi 12 ya kazi inayohusiana na fani, na 24 zaidi kama fani iko kwenye orodha ya sayansi na teknolojia. Sanaa haimo, sayansi ya mazingira mara nyingi imo. Anayesita kati ya hizo mbili azisome zote, ndicho chuo cha namna hii kinachoruhusu.

Makoti ya baridi yasinunuliwe huku. Mengi hayahimili Januari ya Maine, na vyuo vingi vina stoo ya kuwaazima au kuwagawia wageni. Patasi na visu vya kuchongea viingie kwenye sanduku la chini ya ndege, si mkobani. Tapentaini iachwe. Vinyago visiwe na magamba wala matundu ya wadudu, na udongo wa nyumbani, hata kifuko kidogo, usibebwe, maana wakaguzi wa kilimo wataunyang'anya uwanjani.